Jumapili Uliyomkuta Ahmada Barazani

Makorora, Tanga
12 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Wete, na goti limepata nafuu. Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mwamvua, mjane wa marehemu kaka Ahmada, anakaribia kumaliza eda na anakusalimu sana.

Mama, Shangazi Mwatumu amenipigia simu. Anasema kila anayekuja kukupa pole unamsimulia ile Jumapili uliyovuka kuja kumwona Ahmada: alivyokaa barazani, akala bokoboko, akakutania kwa kuogopa boti. Unasema Mungu alimponya siku moja ili muagane. Tangu nisikie hayo, nimeona ni lazima nikuandikie.

Kaka aliporudi kutoka India na pampu iliyopandikizwa moyoni, Daktari Bibiana alinikalisha mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimbadilishia betri. Alinionya kwamba moyo wa kaka unaweza kupoteza mwendo ukabaki kutetemeka tu, naye asianguke, kwa sababu pampu inaendelea kusukuma damu. Ataongea, hata atacheka. Lakini pampu inasaidia upande mmoja. Upande wa pili unazidiwa saa baada ya saa. Kifaa kingine alichowekewa kifuani, cha kuushtua moyo ukipoteza mwendo, kikimpiga shoti, nisihadaike na uso wake, nipige simu palepale.

Kilimpiga Ijumaa baada ya sala, mara tatu. Kikombe kilimtoka. Niliichukua simu, akanishika mkono. Alisema akipelekwa Dar atalazwa, nawe unakuja Jumapili. Hataki umkute katikati ya mipira ya hospitali. Akaniomba siku mbili tu. Nikampa.

Jumamosi miguu ilivimba, nikamvalisha soksi. Jumapili ulimshika kiganja ukauliza mbona baridi, nikadakia kwamba ametoka kunawa. Nilikudanganya, Mama. Moyo wa mwanao ulikuwa ukitetemeka tu. Jumatatu nilimfikisha hospitali amechelewa, akafariki kabla boti yako haijafika Pemba.

Daktari hakunilaumu. Alisema hawezi kujua kama Ijumaa ingemwokoa. Mimi pia sitajua. Nikipita chumbani kwake bado naisikia ile pampu ikinguruma, ingawa alizikwa nayo.

Sikuombi uache kuisimulia Jumapili ile. Nakuomba uniambie kama bado nikuite Mama.

Nisalimie Shangazi na majirani wote. Mungu akupe subira.

Mwanao,
Tuhfa