Zulia Jekundu

Jumatatu, 3 Machi
Daftari la mjukuu wangu, kurasa alizobakisha. Herufi zangu kama kuku kachakura, lakini nani ataziona?
Redio imesema serikali inabana matumizi. Watapita nyumba kwa nyumba kutazama nani bado anastahili ruzuku na nani ananeemeka bure. Alhamisi ni zamu ya jengo letu. Na waje! Nimemwambia mkwe wangu hivyo. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyefua mashuka ya hospitali tangu alfajiri. Akasema, "Mama, nakuomba. Wakija, jibu wanachouliza tu. Usihutubie."
Mimi kuhutubia! Lini?
Namsamehe. Mwanangu wa kumzaa alitukimbia, huyu mkewe, mtoto wa watu, akabaki na mimi. Ruzuku yangu ya uzee inalipa nusu ya kodi ya vyumba hivi viwili, mshahara wake unalipa nusu ya pili. Ikikatwa, yeye na mtoto watahamia kwa dada yake. Na mimi nitapelekwa kwa binti yangu—yule anayewavua watu viatu mlangoni na kufuta kiti ukishainuka. Bora nilale ngazini.

Alhamisi, 6 Machi
Mkwe kaondoka na giza. Nikaitazama sebule. Aibu! Sakafu imepasuka kama kisigino changu. Mgeni wa serikali aingie akute hivi? Kwangu mimi, ninayeitwa Bibi Fagio korido nzima?
Nikavuka kwa Mwalimu, mlango unaotazamana na wetu. Anafundisha zamu ya mchana, nilimkuta. Nikamwomba zulia lake jekundu.
"La nini tena, Bibi Fagio?"
"La heshima."
Akacheka, akatoa. Zito hilo, utadhani limemeza maji! Yeye mbele, mimi nyuma, mjukuu wangu chini yake akipiga honi kwa mdomo—ndiyo maana tunamwita Chiriku. Mwalimu akaniongezea saa ya ukutani na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu.
Afisa ni kijana mpole, viatu vimeliwa upande mmoja. Ana kioo cha kuandikia kwa kidole. "Shikamoo, bibi." Kalelewa vizuri. Nikampa chai kwenye dhahabu. Akauliza, mnakula mara ngapi kwa siku? Swali gani hilo kumuuliza mtu nyumbani kwake! Nikasema mara tatu, na katikati tunatafunatafuna. (Jana nilikunywa uji nikajisifu nimeshiba.) Na nyama? Nikasema tumeichoka.
Tumeichoka! Ulimi huu!
Akatazama chini. "Na hili zulia ni lenu, bibi?" Chiriku akafungua mdomo. Nikamfinya. "La nani basi? Unadhani nimeiba?" Kijana akaomba radhi, akagusa kioo chake, akaaga, akavuka kwa Mwalimu.
Nimemweza.

Ijumaa, 7 Machi
Jana jioni tulirudisha vitu vyote kabla mkwe hajavuka kizingiti. Ameuliza tu ilikuwaje. Nikasema hata wewe ungejivunia.

Jumanne, 18 Machi
Ujumbe umeingia kwenye simu. Mkwe kasoma kwa sauti: kaya yetu imepanda daraja. Nikapiga kigelegele! Shuleni sikuvuka darasa la tatu, uzeeni napandishwa! Kisha akasoma yaliyofuata. Kwa kuwa tumepanda, ruzuku inakoma mwisho wa mwezi. Chini wameeleza sababu: zulia, saa, milo mitatu.
"Mama," akasema, "zulia gani?"
Chiriku akamwaga yote. Hakuacha hata ile ya nyama.
Angenigombeza ningejua pa kushika, kugombana ni kazi yangu. Lakini alicheka. "Tumeichoka nyama!" Akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni mwangu.

Jumatano, 19 Machi
Asubuhi korido ilikuwa kama kuna msiba. Fundi viatu kakatwa. Muuza mboga kakatwa. Mimi niko mlangoni na fagio, msomi wa daraja jipya, sina pa kuuficha uso.
Nikaenda kwa Mwalimu kumgombeza. Hasira lazima ishukie mtu, na kioo changu cha kujitazamia ni kidogo mno kujigombeza. Nikamkuta kasimama juu ya zulia lake, analitazama kama nyoka.
Yeye hakukatwa.
Afisa alipovuka kwake siku ile, alikuta sakafu tupu, ukuta una msumari usio na saa, na mtoto wake mdogo anakohoa. Watu wanadhani Mwalimu anazo kwa sababu anapokea mshahara. Wanasahau gereji ya mumewe ilifungwa, na mshahara huo unaishiwa pumzi kabla ya mwezi. Nyongeza ya watoto anayopewa na serikali ndiyo inayonunua ile dawa ya kuvuta ya yule mdogo mwenye pumu.
Kwa hiyo zulia lake limenikata mimi, likamwokoa yeye. Tulitazamana. Nani acheke kwanza? Hakuna aliyecheka.
"Nitakwenda kuwaambia ni langu," akasema.
"Thubutu!" nikamwambia. "Nitakuvunjia fagio mgongoni. Mtoto akikosa dawa utampulizia zulia?"
Nikatoka nimenyoosha shingo. Nilipofika ndani ikalegea.

Jumamosi, 22 Machi
Mkwe amekata rufaa. Watarudi kutazama upya Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Nimeulizwa mbele ya mtoto kama nitasema kweli. Mimi, mtu mzima!
Nimesema ndiyo. Sikusema kweli ipi.

Jumamosi, 29 Machi
Mkwe analeta maboksi matupu kutoka kazini. Anasema ni ya tahadhari tu. Chiriku kapanda ndani ya moja, kaniuliza kama kule kwa mama yake mkubwa nitaruhusiwa kwenda kumtembelea. Nikamwambia atoke humo kabla sijalifunga kwa gundi.
Binti yangu naye kapiga simu. Kitanda changu tayari. Nije na kandambili mpya za ndani, hizi za zamani zitamkwaruzia vigae.
Mkwe kaniomba kitu kimoja. "Mama, mpaka Jumatatu usifagie." Nimekubali. Ni kama kuambiwa usipumue mpaka Jumatatu.

Jumapili, 30 Machi
Sijafagia. Kuna kipande cha uzi karibu na mguu wa meza. Nakijua sasa kama ndugu yangu.

Jumatatu, 31 Machi
Nimefagia. Kabla hakujakucha vizuri, mkono wenyewe ulikwenda. Nilipozinduka nimesimama na kizoleo kimejaa, nikifikiria kulimwaga vumbi upya na kulitawanya. Nimefika hapo! Bibi mzima napamba nyumba kwa taka!
Mkwe kaniona. Kaomba ruhusa kazini ili awepo. Kalitupa vumbi dirishani. Mahali pangu, naye angefagia.
Afisa kaja, yule yule, viatu vile vile. Shikamoo yake ile ile. Nilimkalisha kwenye kigoda maana kiti kimoja kimepoteza mguu. Akauliza mnakula mara ngapi. Nikamtazama mkwe. Nikasema mara mbili. Mkwe akakohoa. Nikasema basi, wao mara mbili, mimi moja na nusu. Neno lilitoka kama jino. Kijana hakucheka wala hakunionea huruma, nikamshukuru kimoyomoyo, maana angenionea huruma ningempeleka tena kwenye nyama.
Nyama? Sikukuu. Saa? Sina, namtegemea jogoo wa fundi viatu. Yakaenda vizuri! Nikaanza hata kuona raha, nikaongeza na goti langu, hakuuliza.
Kisha akatazama sakafu. Katazama muda mrefu.
"Na lile zulia, bibi? Mliliuza?"
Mkwe akainamisha kichwa. Hawezi kunisaidia hapa na anajua. Nikisema tuliuza, ataandika tulikuwa na mali tukapata hela. Nikisema niliazima, atauliza la nani—na mwenyewe yuko hatua chache kutoka hapa, na mtoto wake anakohoa nasikia.
Nikasema, "Subiri nikuletee chai, mwanangu."
Sasa niko jikoni, mlango nimeurudishia. Mtu mwenye akili angekuwa anatafuta jibu. Mimi naandika! Lakini nikishika kalamu mdomo hutulia, na leo mdomo huu si wa kuachiwa. Maji yanaanza kuimba. Vikombe vyetu viko hapa, havina dhahabu, kimoja hakina hata mkono. Huko sebuleni ananingoja. Kijana mvumilivu. Ningependa awe mkorofi, ningemfukuza yakaisha.
Chiriku kaingia mbio. "Bibi! Mwalimu katoka kwake na zulia! Analiburuta peke yake!"
Nani kamwita? Nilimkataza! Mjinga yule, mbishi, kiburi kimemjaa kama mimi! Nasikia linavyokwaruza korido. Kasimama, anahema. Sasa linakwaruza tena.
Maji yamechemka. Chai itangoja.
Sijui naenda kumrudisha au kumpokea. Ila natoka. Zulia lile mtu mmoja haliwezi.