Kura Ishirini na Sita

Kanja, Embu
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwako kaka yangu Mwaniki,

Nakusalimu wewe, shemeji Karwirwa na watoto, nikiomba barua hii iwakute mkiwa na nguvu na kile kikohozi cha shemeji kiwe kimekwisha. Sisi tunaendelea. Mama anatembea vizuri, goti humsumbua asubuhi tu, na kila Jumapili anauliza utakuja lini. Mvua haijaanza lakini shamba limelimwa. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike.

Najua siku hizi watu hawaandikiani barua. Lakini kila nikikupigia simu na kutaja ushirika wa maziwa, unakata. Kwa hivyo nimempa Mutwiri, anayeleta miche ya parachichi huko Nkubu, akukabidhi mkononi. Tafadhali isome hadi mwisho.

Tangu Januari, kila Jumanne na Alhamisi jioni, naenda kwa Mwalimu Njoki anifundishe kuandika na kusema nambari kwa Kiingereza. Usikasirike bado. Tunakaa jikoni kwake akishamaliza kukamua, mimi na daftari langu, na umri huu wangu wa miaka hamsini na moja. Ananisemesha thirteen na thirty hadi mkaza mwanawe anaondoka akicheka. Anasema sisi watu wa huku tunameza mwisho wa neno, na kumbe mwisho ndio unaotenganisha fifteen na fifty. Nimejua kwamba tunasema two hundred, si two hundreds, hata ziwe mia ngapi. Nimejua pia kwamba four ina u, fourteen ina u, lakini forty haina. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Hezekiah, hayo waulize wenyewe. Sisi tulikariri tu."

Mwalimu hakai vizuri, kaka. Tangu ule uchaguzi wa ushirika wa Julai, watoto wakimwona njiani humwita Mwalimu Fourteen. Kina mama wa kanisa walimwondoa kwenye ukatibu wa kikundi chao. Yule mtamba aliyemnunua wiki ya uchaguzi, watu wanasema ni zawadi ya mpinzani wako Ireri kwa kazi aliyomfanyia. Mimi nimeonyeshwa karatasi za mauzo ya shamba la marehemu mumewe kule Manyatta. Mtamba alitoka hapo.

Unakumbuka ilivyokuwa. Kituo chetu kilihesabu kura zako mia mbili na arobaini. Mawakala wako waliziona, na wale wa Ireri pia. Lakini kwenye fomu, tarakimu zilisema 240 na maneno yakasema two hundred and fourteen. Afisa akatangaza kwamba tarakimu na maneno yakitofautiana, maneno ndiyo hufuatwa, kwa sababu tarakimu ni rahisi kuchezewa kwa kalamu. Ukapoteza kura ishirini na sita, na Ireri akawa mwenyekiti kwa tofauti ya kura kumi na moja. Sahihi ya msimamizi wa kituo ilikuwa ya Mwalimu Njoki. Ulimfuata hadi uwanjani kwake ukamwita mwizi, mama akisikia, majirani wakisikia. Mwezi ule ule ukahama.

Kaka, maneno yale niliyaandika mimi.

Mwalimu aliniomba nimjazie fomu kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, naye alikuwa akifunga masanduku. Angewezaje kujua? Kanisani nasoma matangazo, watu huniletea barua zao niwasomee, na miaka yote nimewaacha waamini kwamba nilifika kidato cha pili. Wewe unajua niliacha darasa la saba. Sikutaka kusema siwezi. Niliandika two hundred and, halafu nikafikiria four, nikaweka f-o-u-r, nikaongeza t, nikakwama. Mawakala walikuwa wanaharakisha, chai ilikuwa imeletwa. Mkono ukamalizia e-e-n kwa sababu ndivyo neno lilivyotaka kwenda. Niliona halijakaa sawa. Nikaipitisha fomu hivyo hivyo. Mwalimu akatia sahihi bila kusoma, na mawakala wakafuata.

Hakuna aliyenipa hata kikombe cha uji. Ulikuwa ujinga, na baada ya ujinga ukaja woga. Siku ulipomtukana nilikuwa nyuma yako, nimekushika mkono nikikwambia twende nyumbani. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Januari nilishindwa kulala, nikaenda kwake nikamweleza. Hakushangaa. Alisema alitambua mwandiko siku ile ile afisa alipoinua fomu. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Alijibu, "Sahihi ni yangu, ningesoma. Na wewe nilikungoja useme mwenyewe." Kisha akaniuliza kama ninataka kujua forty inaandikwaje.

Juzi Jumamosi, kwenye mkutano mkuu wa ushirika, nilisimama nikasema yote, hata la darasa la saba. Wengine walicheka, wengine walitaka nifukuzwe. Afisa alisema muda wa malalamiko ulishapita, kwa hivyo Ireri atabaki hadi uchaguzi ujao. Siwezi kukurudishia kiti. Kina mama wawili walienda jana kumwona Mwalimu, wakamwomba arudi kwenye ukatibu. Amesema atafikiria.

Unikasirikie unavyotaka, nastahili. Lakini tusi ulilotoa uwanjani kwake mimi siwezi kukuombea msamaha. Nilijaribu, akanikatiza. Alisema mwenye kinywa hicho anaijua njia ya kuja.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Wasalimie watoto, na shemeji umwambie asali ya kikohozi ipo, nitampa Mutwiri safari yake ijayo.

Ni mimi mdogo wako,
Hezekiah