Motere ya Kumurudisha Kamaliza

Siku ya yenga, tarehe 3 Julai 1966

Ijulikane kwa watu wote wa Masisi, walio hai na watakaozaliwa: leo, saa ya kula, bulo iliyopotea, ile skurubu nene ya motere, imeonekana. Ilikuwa ndani ya maharagwe. Imeonekana na jino langu la nyuma. Jino limepasuka, lakini bulo iko muzima, asante Mungu.

Maharagwe nilipika mwenyewe. Tangu muke wangu Kamaliza aondoke ninapika mwenyewe, palepale jikoni, pembeni ya motere ya gari, na sijui tena nini inaingia wapi. Chai inanuka grisi. Pistoni zinanuka vitunguu.

Kamaliza aliondoka siku ya soko, mwanzo wa kiangazi. Alifunga kitenge, akabeba kitunga, akasimama kwa mulango wa jiko. Mimi nilikuwa chini, naosha soupape – vile vyuma vyenye kichwa kama uyoga. Akasema: Benoît, unaona nini mu mikono yako? Nikajibu: soupape. Akaenda.

Jibu lilikuwa la kweli. Basi alitaka jibu gani?

Iko kwao Bweremana, bila shaka. Watu wa ng'ombe wana kawaida yao. Muke akikasirika anarudi kwa baba yake. Bwana anaacha hasira ipoe, kisha anaenda na pombe, anapiga magoti, mashangazi wanamutukana mpaka wachoke, wanakunywa, wanamurudishia muke. Kabla ya siku hiyo wakwe hawatumi hata neno moja. Na kweli, hawajatuma. Kwa hiyo mambo inaendelea vizuri.


Siku ya pili ya juma, tarehe 5 Julai

Séraphin, jirani, amekuja kuangalia. Huyu hakosi.

– Kaka, hii kitu itatokea wapi?
– Kwa mulango. Na mimi nyuma yake, mpaka Bweremana.
– Wenzako wanaendaga na miguu.

Nikamueleza. Muntu anayekuja na miguu, kibuyu mukononi, huyo ni mwenye zambi. Muntu anayeshuka ndani ya gari, Traction nyeusi, huyo ni mukwe. Hata matusi ya mashangazi yatapungua. Akacheka.

– Na kama wamemuozesha kwa mwengine, wewe ukingali unakaza bulo?

Sikucheka. Alipoenda nikajaribu kucheka, nione kama kweli inachekesha. Hapana.

Gari yenyewe ni Traction ya 1949. Muzungu wa fromage, ile jibini ya maziwa, aliniachia mu 1960, siku aliyokimbia. Nilikuwa namuendeshea kamio ya maziwa. Alisema tu: Benoît, uilinde. Hakusema mpaka lini. Nimeilinda vizuri sana, mpaka nikaitoa motere. Mwili wake uko kwenye kibanda cha fromage. Kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Motere niliileta jikoni kwa sababu ya mvua na wezi. Kamaliza akawa anapika inje, chini ya mvua hiyohiyo. Hakusema kitu. Nilizani amekubali.


Siku ya tano, tarehe 8 Julai

Kamio ya Walikale imefika! Nestor, ndugu yangu, ametuma joint de culasse, ile karatasi ngumu ya shaba inayokaa katikati ya motere na kifuniko chake. Aliitoa kwenye Traction ingine iliyokufia kule porini. Ameifunga mu majani, na mawese imeingia yote. Shofere ananikabizi anauliza: Papa, ni samaki?

Nimeiosha. Inafaa kabisa. Lakini – upande gani juu? Inakubali pande zote mbili. Kitabu cha muzungu kinaeleza, nazani, kwenye ukurasa uliokuliwa na panya. Nimeigeuza, nikaigeuza. Mwisho nikaanza Baba Yetu, na pale nilipofika kwa «mapenzi yako yafanyike» nikaiacha ilivyokuwa. Nikakaza.


Siku ya tatu, tarehe 13 Julai

Siku mbaya, ilianza vizuri.

Asubuhi wanaume wamebeba motere na miti, mabegani, kama kipoyi, kile kiti cha kubebea chefu. Kizingiti cha juu cha mulango kimeanguka. Wakaimba nyimbo za kuleta bibi-arusi. Séraphin alipiga vigelegele kama mama. Motere imelala mahali pake, ndani ya gari. Vizuri.

Halafu Mama Mukagasana akapita kuomba moto. Muzee huyu ni wa watu wa ng'ombe, kama Kamaliza. Akachungulia jikoni, akaona cyansi, kile chombo cha mbao cha maziwa.

– Hii ni ya nani?
– Ya Kamaliza. Bibi yake alimuachia.
– Na ndani kunanuka nini?
– Esanse ya gari, mama. Nilikuwa naosheamo soupape. Iko na kipimo kizuri.

Akakaa chini. Chini kabisa, mu vumbi. Akashika mudomo.

– Mutoto wangu! Mu cyansi hatuwekaga hata maji. Ungeosha vyuma vyako mu kikombe cha misa, padiri angekusamehe mbele yetu.

Nikajitetea. Kwetu tunalima maharagwe, chombo ni chombo. Akasema: sasa njo unajua. Akaenda bila moto.

Kwa hiyo haikuwa jiko. Haikuwa mvua. Ao ilikuwa vyote, na cyansi ikawa ya mwisho? «Unaona nini mu mikono yako?» Mikono yangu ilikuwa na vitu viwili siku ile. Nilitaja kimoja.

Nikaosha cyansi na majivu. Nikaosha na maji moto. Harufu iko palepale. Nikakumbuka vile yeye anafanyaga: anawasha majani makavu, anafukiza chombo na moshi, mpaka kinanukia. Nikawasha majani. Nikainamisha cyansi juu ya moshi.

Mbao iliyokunywa esanse mwezi muzima!

Cyansi imebaki nusu. Nyusi zangu hazikubaki.


Siku ya posho, tarehe 16 Julai

Nimemuomba Mbonigaba, fundi wa mbao, achonge cyansi ingine. Amekubali. Anasema mbao ataweka, lakini bibi ya Kamaliza hawezi kumuweka ndani.

Mchana, manivelle, kile chuma cha kuzungushia motere. Kuzungusha. Bure. Kuzungusha tena – bum! Moto umetoka mahali moshi ungetoka. Watu wamekimbia, Séraphin wa kwanza, yeye anayesema haogopi. Nikafikiri: waya za bougie, zile zinazopeleka moto ndani. Nilizifunga kama muntu anavyohesabu: moja, mbili, tatu, ine. Nikafungua kifuniko, nikazungusha polepole, nikaangalia soupape gani inapanda mbele ya ingine. Motere haihesabu kama sisi. Ni moja, tatu, ine, mbili. Nani aliifundisha?

Nikabadilisha. Nikazungusha.

Ikawaka! Kuku wote wametoka kwa dirisha. Kilima kizima kinapiga kelele. Nikageuka haraka nimuambie – na pale kwenye mulango wa jiko hapakuwa na muntu. Kizingiti kimeanguka, giza tu ndani.

Nimezima. Esanse ni ya safari.


Siku ya pili, tarehe 19 Julai

Pombe ya ndizi, vibuyu viwili vikubwa. Cyansi mupya, nyeupe, inanuka muti. Nimejifunza maneno ya kusema. Nimeyasema mbele ya gari. Gari haikujibu, lakini ilisikiliza kuliko mashangazi watakavyosikiliza.

Nitasema: nilichukua kitu chako nikaona chombo tu. Halafu sijui. Nitasema nini juu ya nyusi?


Siku ya ine, tarehe 21 Julai

Bweremana. Naandika ndani ya gari, kwa sababu sijui nifanye nini ingine na mikono.

Safari ilikuwa nzuri! Sake bila kusimama. Shasha, mama wa samaki wamepiga makofi. Maji haikuchemka hata mara moja. Nikaingia kwa wakwe nikipiga honi.

Papa Kayitare, baba mukwe, ametoka na fimbo yake, amezunguka gari, amegonga kifuniko: wewe njo umeifanya? Mimi, baba. Akasema: hapo sasa nina mukwe! Mashangazi wamekuja wote. Nikashusha pombe. Nikashusha cyansi. Nikapiga magoti, nikasema maneno yote, bila kusahau: nimekuja kuomba musamaha, nimekuja kumuchukua muke wangu.

Hakuna aliyetukana. Nikangoja matusi. Shangazi mukubwa akaangalia shangazi mudogo.

– Kumuchukua nani?

Papa Kayitare akafungua mulango wa nyuma wa gari, akaangalia kwenye kiti. Majani ya kuku tu. Akasema: sisi tulizani amelala humu ndani.

Mama mukwe akatoka jikoni, mikono ina unga.

– Benoît, mutoto wangu iko wapi?

Nikasema: hapa. Nikasema tena: iko hapa, mama, tangu mwanzo wa kiangazi.

Anasema Kamaliza hajakanyaga hapa tangu Pasaka.