Usiseme Tena Yuko Maore

Rayners Lane, London

Kwa mkwe wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Umeamkaje, na mtoto je? Kifua chake kimepoa au bado unampa maji ya friji? Nilikukataza, na najua hukusikia. Mimi mzima, ila magoti yamegombana na baridi ya huku. Wifi yako Rukia anatoka alfajiri kwenda kuwaogesha wazee wa watu, mimi nabaki na ngazi za nyumba hii, nazishuka kwa makalio kama mtoto mdogo. Usicheke.

Kaka yako alinipigia. Ulimtuma aniulize kama nitakubali uende kwa kadhi, mumeo Saidi ahukumiwe kuwa amekufa, ukae eda, uwe huru. Kwa nini umtume mwanamme? Mimi nang'ata? Nilimkatia simu. Jibu lako limo humu, kwa mkono wangu, maana kwenye simu Rukia hunidakia maneno.

Salma, binti yake Rukia, anasoma Kiarabu madrasa ya Jumamosi kule Harrow. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu Kizungu, basi walau hicho Kiarabu kinanifurahisha. Juzi alikaa jikoni akisoma kwa sauti majina ya nchi za mbali walizohamia Wafaransa zamani wakazifanya zao. Kumbe Kanada iliitwa Faransa al-Jadida, Ufaransa Mpya. Nikamwambia, "Wana kiburi hao, wamebeba mpaka jina la kwao!" Akacheka, akaendelea.

"Mayotte. Jaziratul-maut."

"Umesema nini?"

"Ndiyo Maore, Bibi. Mwalimu anasema mabaharia Waarabu waliiita hivyo, kwa sababu ya miamba."

Nikapiga meza. "Funga hicho kitabu!"

"Ni jina tu, Bibi. Rilaksi."

Rilaksi! Skuli sikusoma, chuo cha Kurani tu, lakini neno maut halikutaka mwalimu. Kisiwa cha mauti. Mauti yao ndiyo mauti yetu, hata hayakubadilisha nguo. Kisha mtoto akauliza pole pole, "Si ndiko aliko Anko Saidi?"

Nikafungua mdomo kumjibu kama ninavyowajibu watu wote, yuko Maore, na neno likakataa kutoka. Rukia alikuwa kasimama mlangoni na sare yake ya kazini. Nikamwambia, "Mjibu mwanao."

Akasema, "Mama, sisi tunajua zamani. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Mlikuwa mnaningoja! Mnaninyamazia nyote kama mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake!

Saidi alikwenda kisiwa cha Nzwani kwa wajomba zake, akapanda boti ndogo kwenda Maore, kisiwa jirani walichokishika Wafaransa, kutafuta kazi. Boti iliyoondoka pamoja na yake ilifika. Yake haikufika. Wajomba walituambia wazi, nami nikasema Wafaransa wamemfunga, hana simu. Lakini Saidi yule, Mwanaidi, Idi zote hizi zipite asiniulize nimekula nini? Mwanangu hakuwa na tabia hiyo.

Basi nenda kwa kadhi. Mwambie mama yake hana pingamizi. Hitma isomwe nyumbani kwangu, si kwa kaka yako, na wali usirojeke kama ule wa harusi yenu. Nguo zake wape wenye shida. Ile kofia niliyomshonea usimpe mtu, muwekee mwanawe, kichwa kitakua. Na eda ikiisha ukaposwa, usinitumie mjumbe. Niambie mwenyewe. Nitalia, kisha nitakuuliza anasali?

Nisalimie shangazi yako aliyekuleta kwangu bibi harusi, na jirani yetu mshona nguo, mwambie baibui langu lile alilibana kwapani. Kaka yako mwambie nimemsamehe.

Na mtoto akiuliza baba yuko wapi, usiseme tena yuko Maore. Mwambie amekufa. Nimeandika hivyo mimi niliyemzaa.

Mama yako, hata ukiolewa kwa watu wengine,
Bi Zuhura