Chai Uliyoitoa kwa Mkono wa Kushoto

Mama yangu,

Nimerudi kutoka Liuli, kwenye misa ya kukukumbuka, na hasira haijanitoka. Baba Mkubwa alisimama mbele ya watu akasema ulikuwa mkarimu, hukujua kumnyima mgeni. Nilimsikiliza huku nimeuma meno.

Hivi amesahau? Kiharusi kiliuua mkono wako wa kulia, ukajifunza upya kila kitu kwa wa kushoto: kusonga ugali, kuanua dagaa wa usipa mvua ikitishia, kunichana nywele. Ndipo akashuka yeye kutoka Mbinga kukujulia hali. Ulimchemshia chai mwenyewe, ukamletea kikombe ukichechemea. Akakitazama, mikono kaiweka mapajani.

"Shemeji, siku hizi ndiyo mnatupatia vitu kwa kushoto?"

Ukakiweka chini, ukaomba radhi. Wewe, mama, ukaomba radhi kwa kuugua.

Jioni yake, ili nikusahaulishe, nilikueleza kazi yangu ya maabara huko chuoni. Nilikwambia molekuli nyingi za dawa, yaani vile vichembe vidogo kabisa vinavyoiunda, huja kwa maumbo mawili kama mikono ya mtu: zimefanana, lakini glavu ya mmoja haiukai mwingine. Moja inatibu. Mwenzake pengine haifanyi kitu, pengine inadhuru. Ukizitengeneza kiholela unapata nusu kwa nusu, kwa hiyo tunaweka kichocheo cha kuelekeza upande mmoja. Wengine hutumia metali, nyingi ghali na baadhi zina sumu. Sisi tunatumia prolini, asidi amino iliyomo hata kwenye maharage yako. Inaishika malighafi, inaielekeza upande unaotakiwa, inaiachia, inakwenda kushika nyingine.

"Kwa hiyo wa kushoto mnautupa," ukasema, ukiutazama mkono wako.

Nikakwambia hapana, inategemea mwili unapokea upi. Tena hiyo prolini yenyewe, inayotufanyia kazi yote, wanakemia wanaihesabu ya kushoto, na asidi amino za namna hiyo zimejaa miilini mwetu sote.

"Hata mwa Baba Mkubwa wako?"

"Hata mwake."

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lakini kucheka huko hakukukuponya. Tangu siku ile, wageni wakija ulijificha jikoni, ukamtuma jirani agawe vikombe. Mwili ukikataa molekuli una sababu, haikuingia mahali pake. Yeye alikuwa na sababu gani? Chai ilikuwa chai. Ulikufa ukiuonea aibu mkono uliotulisha, na aliyekutia aibu hiyo anakusifia ukarimu, watu wanaitikia amina.

Baada ya misa, tuliporudi nyumbani kwako, mashangazi walinipa kazi ya kugawa chai. Nilipofika kwake nikapiga magoti, nikamwamkia "Shikamoo, Baba Mkubwa," nikamnyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliuacha ukining'inia, kama wako. Akasubiri nibadilishe. Sikubadilisha.

"Wewe mtoto, una wazimu?" shangazi akaninong'oneza.

Baba Mkubwa alielewa, maana macho yalimshuka. Kikombe hakukipokea. Nikainuka nacho, nikaenda kuketi pale jikoni ulipokuwa ukijificha, nikainywa chai yako yote.

Pumzika, mama. Mimi bado nimekasirika.

Binti yako