Kichwa cha Mtihani

Tarehe 3 Aprili

Spana,

Huna haya hata kidogo. Miezi miwili unaniandikia mistari minne minne, "bibi niko salama, nasoma kozi," kozi ya nini husemi, mpaka mke wa dereva wa lori la magodoro ananiambia mbele ya watu, kwenye foleni ya maji, kwamba mjukuu wangu anafundishwa kusuka wanawake. Nikamwambia mwongo. Nikamwita mbea. Kumbe mbea ndiye mkweli, mimi ndiye nimebaki mdomo wazi kama debe.

Haya, unaendeleaje? Kifua je? Mimi mzima, magoti tu yanapiga kelele kwa sababu ya hii mvua. Nguo nilizofua wiki iliyopita hazijakauka, zinanuka mbwa. Jikoni bati linavuja mahali pamoja, nimeweka beseni, nakaa upande wa pili. Sina shida. Ile simu uliyoniletea imekunywa maji ikafa, kwa hiyo usihangaike kupiga. Andika. Barua mpe huyo dereva.

Mwanamume wa miaka arobaini na moja! Miaka kumi na sita umeshika mashine za kufuma soksi, kiwanda kizima kinakuita Spana, leo umeshika kitana. Sisemi ni vibaya. Nasema ulinificha, na mimi sikukulea ili unifiche. Nieleze yote, hata ya aibu. Hayo ndiyo uanze nayo.

Bibi yako aliyekulea

*

Tarehe 9 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Kifua kimetulia, magoti yako pole. Umenichapa na nimestahili.

Kiwanda kilipofungwa nilizunguka miezi minane. Kila karakana naambiwa vijana wapo. Chuo kikatoa nafasi za bure kwa sisi tuliopoteza kazi, lakini siku ya kujiandikisha barabara ilikatwa na maji, nikafika kesho yake. Umeme umejaa, useremala umejaa, imebaki saluni. Nikajiambia, nywele ni nyuzi, na nyuzi nazijua.

Si nyuzi, bibi. Nyuzi hazina mwenyewe.

Unataka ya aibu. Kiwandani ukifungua mashine, kila kipande unakipa namba ili kirudi kilipotoka. Juzi nikapewa mteja wa kweli, muuza viatu, nimfunge rola. Nikamfunga rola ishirini na nne, na pale rola inapokaa nikaandika namba yake kwa wino, kwenye ngozi ya kichwa, mstari kwa mstari. Kazi safi kabisa. Nikamwingiza kwenye draya. Joto na jasho vikauyeyusha wino. Alipotoka, namba moja mpaka sita zilikuwa zimeteremka kwenye paji la uso.

Madamu, yule mwalimu wetu, akaniuliza, "Wewe baba, huyu ni mtu au ni jenereta?" Darasa zima likaangua kicheko, mabinti wa miaka kumi na tisa, wengine mpaka wakakaa chini. Yule mama hakunitukana. Alijitazama kwenye kioo, akaanza kulia kimyakimya, maana alikuwa anarudi dukani kusimama mbele ya wateja. Heri angenipiga kofi.

Chumba changu kiko chini ya ngazi. Maji yakiingia napandisha viatu mezani, na mimi napanda kitandani. Tunakaa hivyo.

Mjukuu wako

*

Tarehe 17 Aprili

Spana,

Salamu zako zimefika, na magoti yamezisikia. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikajikasirikia kwa kucheka. Niliwasomea wenzangu humu, mmoja akaangusha chai yake. Mtu mzima unaandika namba kwenye kichwa cha mama wa watu! Hata kuku haandikwi.

Umekwenda kumwomba radhi? Najua hujaenda. Nenda dukani kwake, simama mlangoni, sema neno moja, ondoka. Usimpelekee hotuba.

Mvua ni ileile. Barabara ya juu imeondoka, tunapita kwenye uwanja wa mpira tukiwa tumeshikana mikono kama wanafunzi wa chekechea, na jana nimeacha ndara zangu zote mbili ndani ya tope. Sikuinama kuzitafuta. Nyumba ipo. Beseni zimekuwa mbili.

Pale uliposema nyuzi hazina mwenyewe niliurudia mstari mara mbili. Umeanza kuelewa kazi. Usiiache.

Bibi yako

*

Tarehe 26 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Pole na ndara. Nilikwenda kwa muuza viatu. Nilisema neno moja kama ulivyoagiza, akaniambia maneno mengi. Sawa.

Sasa sikiliza jingine, maana umeniharibu, sijui tena kuficha. Ijumaa iliyopita nilikuwa na karani wa mahakama kwenye kiti, nimempaka dawa ya kunyoosha nywele kichwa kizima. Dawa ile ikipitisha dakika zake inaunguza. Dakika zikatimia, radi ikapiga, umeme ukakata. Pampu ikanyamaza. Nafungua bomba, linakohoa tu. Ndoo za akiba tupu, na zamu ya kuzijaza ilikuwa yangu.

Karani anasema, "Inawasha." Kisha akasema, "Baba, inaunguza!" Nikamshika mkono nikamtoa nje, nikampigisha magoti chini ya bomba la maji ya paa. Yalimwagika mengi, bibi, kwa nguvu, na majani, na mjusi mmoja. Kichwa kilipona. Nguo zake za kazini hazikupona. Alirudi mahakamani amejifunga pazia la saluni.

Tangu siku hiyo hakuna anayekaa kwenye kiti changu. Wakiniona wanakumbuka wameacha jiko linawaka.

Na mtihani ni Jumatatu tarehe ishirini Mei. Kila mwanafunzi anakuja na kichwa chake, yaani mtu mwenye nywele ambazo hajawahi kuzishika. Asiye na kichwa anafutwa siku hiyohiyo, na nafasi yake haipo tena. Nimeomba watu tisa. Wote tisa wana safari.

Bibi, wenzako "humu" ni akina nani? Unaishi peke yako. Na mbona barua zako zimeandikwa kwenye karatasi za daftari la hesabu?

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Mei

Spana,

Mimi mzima. Umekuwa polisi lini? Karatasi ni karatasi. Majirani wanakuja kwangu kuota moto, ndio hao wenzangu. Nyumba ipo, moto upo, na mimi nipo.

Wewe tafuta kichwa. Ulizia hospitali, ulizia sokoni, simama njiani. Wanawake elfu ngapi wamo katika mji huo, na kila mmoja ana nywele.

Bibi yako

*

Tarehe 10 Mei

Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima kweli.

Sokoni muuza nyanya alikubali. Nilimfurahia mpaka nikambebea mizigo siku mbili. Leo asubuhi mwenzake amemwambia habari za mjusi. Sasa hataki tena, ananiitikia salamu tu.

Nimechoka. Mikono yangu mikubwa, mabinti wananiita baba, Madamu ananihurumia, na huruma yake ndiyo mbaya kuliko kelele zake. Mvua hii imenifukuza kwenye umeme, ikanifukuza kwenye useremala, sasa inanifukuza hapa. Sina ninachoweza tena. Namtazama yule mtu wa kwenye kioo, nyuma ya kiti kitupu, na simjui.

Nimechukua fomu ya kuacha. Naipeleka Ijumaa tarehe kumi na saba, na Jumapili nitakuwa kwako. Nitaleta bati nne na misumari. Nikusaidie hilo paa, angalau niwe nimeziba kitu kimoja katika maisha yangu. Usinikataze. Nimeamua.

Mjukuu wako

*

Tarehe 13 Mei

Spana,

Sikusalimii. Utanisalimia mwenyewe ukiniona.

Usilete bati. Hakuna pa kuzipigilia. Nyumba ilianguka tarehe ishirini na sita Machi, kabla sijakuandikia ile barua ya kukukemea. Ndiyo, nilikukemea kwa kunificha na mimi nakuficha. Ndivyo nilivyo, na samahani sina. Ningekwambia ungekuja mbio, na kozi ungeiacha siku ileile.

Nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Ukuta wa chumbani ulilala kwanza, polepole, kama mtu anayetafuta kitanda gizani, halafu paa likaufuata. Beseni ninazokuambia ziko chini ya matofali. Kilichobaki ni mlango. Umesimama peke yake ndani ya fremu, na kufuli lake. Siku ya pili nilikwenda na ufunguo nikaufungua. Usiniulize kwa nini. Nikapita, nikajikuta nje. Nikageuka, nikaufunga tena, nikaondoka na ufunguo. Hapo ndipo nililia, na nilipomaliza sijarudia, maana nikianza tena sijui nitaishia wapi.

Tunalala darasa la tano, wanawake kumi na wawili. Naandikia kwenye dawati la mtoto, magoti hayaingii chini yake. Wanasema shule itafunguliwa mwezi ujao, tutafute pa kwenda. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Nimewaambia mimi ninaye mjukuu mwenye kazi. Umesikia nilivyosema? Mwenye kazi. Sikusema anayejifunza. Nimejisifu mbele ya watu kumi na mmoja, na safari hii sitaki kuitwa mwongo na mke wa dereva.

Unasema huna kichwa. Ninacho mimi. Nywele zangu hakuna aliyeziona tangu babu yako azikwe, miaka kumi na mitatu ziko chini ya kitambaa. Nyeupe zote, na nyingi, zinafika mabegani. Wewe hujawahi kuzishika, kwa hiyo sheria yao haijavunjwa. Madamu akisema kichwa kizee, mwambie akuonyeshe palipoandikwa umri kwenye karatasi ya mtihani. Ukiniunguza, nitaungua nimenyamaza. Nyumba imekwenda, vyombo vimekwenda, hata ndara sina, hizi ni za kuazima. Hiki kichwa ndicho kilichobaki, na nakupa wewe. Usinishukuru. Nina hofu nacho, nakwambia kweli.

Hiyo fomu ichane sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii. Jumapili saa nane mchana simama pale lori linaposhushia magodoro, nitakuwa mbele na dereva. Kwanza utanitafutia chumba kisicho cha ngazi, siwezi kupanda. Jumatatu saa mbili asubuhi niwe kwenye kiti. Ndoo zote zijae tangu jana yake, ujaze mwenyewe. Na ukate kucha.

Bibi yako