Gari Langu la Umeme Linanuka Petroli

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana nimebanwa kweli. Mimi ni mwalimu wa jiografia na mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, na majuzi nilinunua gari la haibridi, lile lenye injini ya petroli na betri pamoja lakini halina pa kuchomeka waya, muuzaji akaniapia kwamba linajichaji lenyewe, nami nikafika nyumbani nikatangaza kwamba petroli basi, mke wangu akanikumbatia mbele ya majirani. Jioni akauliza, "Mbona hulichaji, baba watoto?" Nikaona aibu kujieleza, nikachukua ekstensheni, nikaichomeka sebuleni na ncha ya pili nikaificha chini ya boneti. Tangu hapo ndiyo kazi yangu kila jioni, na mke wangu, kwa kuogopa umeme utazidiwa, ameacha kupiga pasi, watoto wanakwenda shule na mashati yaliyokunjamana, na mimi mafuta najaza kituo cha mbali kule viwandani, nimevaa kofia.

Sasa baba mkwe, fundi umeme mstaafu, amekuja nikiwa kazini, akatoboa ukuta wa baraza na kufunga soketi maalumu, zawadi yake, na Jumamosi anakuja na mashemeji wote tuizindue. Mke wangu ameshanunua utepe. Mzee namwogopa, lakini mke wangu namwogopa zaidi, maana yeye ananiamini. Lakini mshauri, si kweli kwamba kwenye foleni linakwenda kwa betri, kimya kabisa? Huo si umeme? Ukiandika kwamba ni gari la umeme, nitawasomea wote.

Mwalimu Niliyebanwa

JIBU

Mwalimu, pole. Pole hiyo ni ya ukuta wa baraza. Wewe subiri kwanza.

Cheti kwangu hupati. Ni kweli, kwenye foleni betri husukuma gari lako, na ukikanyaga breki hujirudishia chaji kidogo. Linakunywa mafuta machache, na ungesema hivyo tu ungepongezwa. Lakini umeme wote huo umetoka wapi kama si kwenye tangi la petroli? Kijana anayekula kwa mama yake hawezi kudai anajitegemea kwa sababu anajipakulia mwenyewe. Mwanafunzi wako angekuandikia jibu hilo kwenye mtihani, ungempa alama gani?

Hata hivyo sikugombezi kwa gari. Muuzaji alikupamba kwa maneno, na wengi wamepambwa. Nakugombeza kwa ile ekstensheni. Mkeo amejinyima pasi kwa jambo mnaloliamini pamoja, na umeme aliokuachia unaishia chini ya boneti. Umeniudhi, baba.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hamjala, mpeleke mkeo kwenye gari, fungua boneti, mwonyeshe ile ncha ya waya. Habari za foleni usizilete. Akikasirika, nyamaza, ana haki. Kisha mpigie baba mkwe wewe mwenyewe, usimtume binti yake.

Soketi usiing'oe, mzee ameifunga kwa mapenzi. Jumamosi mashemeji waje, utepe ukatwe, na wewe uchomeke pasi. Mashati ya watoto ni yako, yote, na mashemeji wakikutazama.